Pombe na maji: kwa nini kiberiti hakiwezi kukuonyesha sumu

Ikiwa unaishi Huruma, Kiamaiko au ng'ambo kule Mathare, jambo nitakalolieleza hapa si geni kwako. Mtu hununua chang'aa, akamimina matone machache kwenye kijiko na kuyawashia kiberiti. Moto ukitoka wa samawati, huitikia kwa kichwa na kusema kwamba hiyo ni safi, haina dawa. Moto ukikataa kushika, humrudishia mama pima na kudai pesa zake. Nimewaona hata watu waliomaliza kidato cha nne wakiitegemea kanuni hii kana kwamba imeandikwa katika kitabu cha kemia.

Miaka kadhaa iliyopita fundi mmoja wa mjengo aliletwa kwangu na mkewe Jumatatu asubuhi. Alikuwa amekunywa Jumamosi jioni. Jumapili alishinda kitandani akiumwa na kichwa na kutapika, na nyumba nzima ilidhani ni uchovu wa pombe wa kawaida. Jumatatu alipoamka alimuuliza mkewe kwa nini jiko linatoa moshi ndani ya nyumba. Jiko lilikuwa halijawashwa. Nilimpeleka upesi katika hospitali kubwa ambako waliokoa maisha yake, lakini macho hayakurudi. Jambo aliloniambia pale kwenye benchi akingoja gari ndilo limenifanya niandike makala haya. "Daktari," alisema, "mimi mwenyewe niliwasha kabla ya kunywa. Iliwaka vizuri kabisa."

Hakudanganya. Iliwaka vizuri. Ili tuelewe kwa nini moto ule haukumwambia lolote, itatubidi tuingie ndani ya glasi yenyewe, tutazame jinsi chembe za pombe na chembe za maji zinavyokaa pamoja. Usiogope, hatutahitaji hesabu ngumu.

Tuanze na maji. Chembe ndogo kabisa ya maji, yaani molekuli moja, ina atomu moja ya oksijeni na atomu mbili za haidrojeni. Hazikupangwa kwa mstari mmoja ulionyooka bali zimepinda, mfano wa herufi V, oksijeni ikiwa pale kwenye kona. Oksijeni ina tabia ya uchoyo: huvuta umeme wa haidrojeni upande wake. Matokeo yake ni kwamba upande wa oksijeni huwa na chaji hasi kidogo na upande wa haidrojeni huwa na chaji chanya kidogo. Basi haidrojeni ya molekuli moja huvutwa na oksijeni ya molekuli jirani, na jirani naye hushikwa na mwingine. Wanakemia huuita mshiko huo kifungo cha haidrojeni. Kifungo kimoja ni dhaifu, hukatika na kuungwa tena mara nyingi mno katika kufumba na kufumbua jicho. Hata hivyo vikiwa vingi vina nguvu ya ajabu. Ndivyo vinavyofanya maji yahitaji moto mwingi kabla ya kuwa mvuke, ilhali gesi nyingi zenye molekuli za uzito kama wa maji huwa mvuke hata katika baridi kali.

Sasa tazama pombe. Neno hili tunalitumia kwa kinywaji chochote kinacholevya, lakini kitu chenyewe kinacholevya ni kimoja tu, nacho ni ethanoli. Molekuli yake ina kichwa na mkia. Kichwa kina oksijeni moja na haidrojeni moja, yaani kinafanana sana na kipande cha maji. Mkia una atomu mbili za kaboni zilizozungukwa na haidrojeni tano, nao unafanana na kipande cha mafuta ya taa. Kichwa kinapenda maji, mkia hauyapendi. Mafuta ya kupikia hayana kichwa kikubwa cha kushika maji, na ndiyo sababu ukiyamimina ndani ya maji yanaelea juu hata uyakoroge namna gani. Ethanoli, kwa kuwa mkia wake ni mfupi na kichwa chake kina nguvu, huvutwa na maji ikazama humo kabisa. Unaweza kuchanganya ethanoli na maji kwa kipimo chochote, tone kwa debe au debe kwa tone, na hutaona mstari wa kutenganisha.

Hapa pana jambo ambalo huwashangaza wengi. Chukua nusu lita ya ethanoli tupu na nusu lita ya maji, uchanganye. Hupati lita moja. Utapata pungufu kwa mililita 35 hivi. Hakuna kilichomwagika wala kilichoyeyuka hewani. Ukipima kwa mizani, uzito ni ule ule. Kilichopungua ni nafasi. Walimu wa sayansi hupenda kulinganisha jambo hili na gunia la maharagwe linalomiminiwa mtama, mtama ukajaza mianya. Mfano huo unasaidia lakini haujakamilika, kwa sababu maharagwe hayaushiki mtama. Molekuli za maji na za ethanoli hushikana kichwa kwa kichwa, zikasogezana karibu zaidi kuliko zilivyokuwa kila moja na wenzake. Na mshikamano huo mpya hutoa joto. Ukishika chupa wakati wa kuchanganya spiriti kali na maji utahisi imepata uvuguvugu.

Mrusi Dmitri Mendeleev, yule aliyetunga jedwali la elementi tulilolikariri shuleni, aliandika tasnifu yake ya mwaka 1865 juu ya kuungana kwa ethanoli na maji. Kuna hadithi kwamba yeye ndiye aliyewaamulia Warusi vodka iwe na asilimia 40. Hadithi hiyo ni tamu lakini si ya kweli. Alilolitafiti ni huku kupungua kwa ujazo, na aliona kwamba hufikia kilele pale ethanoli ikiwa karibu asilimia 46 ya uzito wa mchanganyiko.

Basi je, molekuli hizo zikishachanganyika zimechanganyika kweli? Kwa macho, ndiyo. Kwa undani zaidi, si kabisa. Mwaka 1945 wanasayansi Frank na Evans walipendekeza kwamba maji yanayouzunguka mkia hujipanga kwa nidhamu kama barafu ndogo. Wazo hilo lilitawala kwa miaka mingi. Kisha mwaka 2002 watafiti nchini Uingereza walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kupiga mchanganyiko wa maji na methanoli kwa miali ya nyutroni. Walikuta kwamba mikia hukutana na mikia, na maji nayo hubaki katika vikundi na minyororo yake, yakishikana na vichwa pembeni. Kwa hivyo glasi unayoiona nyeupe pe, iliyotulia kama maji ya chemchemi, ndani yake ni kama soko la Jumamosi: watu wote wako uwanjani, lakini kila kabila la biashara limejikusanya kwenye kona yake, na wanashikana mikono mipakani.

Nimetaja methanoli, na hapo ndipo yalipo mauti.

Methanoli ni ndugu mdogo wa ethanoli. Ina kichwa kile kile, oksijeni moja na haidrojeni moja. Tofauti iko mkiani tu: badala ya kaboni mbili, ina moja. Hiyo tu, msomaji. Kaboni moja. Hutumika viwandani kutengeneza rangi, gundi na bidhaa nyingine nyingi, na ni kitu cha manufaa kikikaa huko. Kwa kuwa kichwa ni kile kile, hushika maji kwa furaha ile ile na hushika ethanoli vile vile. Ukiimimina ndani ya chang'aa haielei, haizami chini, haibadilishi rangi, haifanyi ukungu. Ukiiacha wiki nzima mtungini haijitengi.

Sasa turudi kwenye kile kijiko. Ethanoli huwaka kwa moto wa samawati. Methanoli nayo huwaka kwa moto wa samawati, tena hafifu zaidi, kiasi kwamba mchana wa jua hutauona. Kwa hivyo mwali wa samawati unakuambia jambo moja pekee, kwamba humo mna kitu cha jamii hii kwa wingi wa kutosha kushinda maji yaliyomo. Hauna uwezo wa kukuambia ni ndugu yupi anayewaka. Na kinywaji kinachokataa kuwaka kinaweza kuwa kimetiwa tu maji mengi. Yule fundi alifanya mtihani wake vizuri. Mtihani wenyewe ndio usiojua jibu.

Wengine hutumia kile chombo cha kioo kinachoelea, cha kupimia makali. Nacho hakifai kwa kazi hii. Chombo hicho hupima uzito wa kinywaji kwa ujazo. Katika nyuzi 20 mililita moja ya ethanoli ina uzito wa gramu 0.789, na ya methanoli gramu 0.792. Tofauti hiyo ni ndogo mno. Mchanganyiko wa wauaji na mchanganyiko wa kawaida utaelea kwa kimo kimoja. Pua nayo haikusaidii, kwa maana harufu zao zinafanana na harufu ya kangara hufunika yote. Ulimi vivyo hivyo. Mtu akikuambia kwamba yeye ni mnywaji wa miaka ishirini na anaitambua mbaya kwa kuonja, mwambie ulimi wake hauhesabu kaboni.

Pengine utauliza, je, kuchemsha? Swali hili huulizwa sana na wale wanaojua jinsi chang'aa inavyokenekwa kando ya Mto Mathare. Kangara, yaani mchanganyiko wa sukari au nafaka uliochachushwa, hutiwa ndani ya pipa na kuchochewa moto. Mvuke hupita katika mrija uliozungushiwa maji baridi na kudondoka upande wa pili. Ethanoli tupu huchemka katika nyuzi 78, methanoli katika nyuzi 65 hivi, na maji katika nyuzi 100 ukiwa pwani. Hapa Nairobi, kwa sababu ya kimo chetu, maji huchemka katika nyuzi 94 au 95, ndiyo maana githeri yetu huchelewa kuiva. Kwa hesabu hiyo wengi hudai kwamba methanoli hutangulia kutoka yote, na kwamba ukimwaga kikombe cha kwanza umeimwaga sumu.

Ingekuwa hivyo kama methanoli ingekuwa peke yake ndani ya pipa. Lakini kangara kwa sehemu kubwa ni maji, na tumeona jinsi methanoli inavyoshikana na maji. Maji huikataza kutoroka. Matokeo yake ni kwamba haitoki yote mwanzoni. Hutoka pamoja na ethanoli, kidogo kidogo, tangu tone la kwanza hadi la mwisho. Kumwaga kikombe cha kwanza hupunguza baadhi ya kemikali nyingine zenye harufu kali, na sina ugomvi na anayekimwaga, ila asidhani kwamba amejikinga.

Ushikamano huu ni mkubwa hivi kwamba hata viwanda vyenye mitambo ya kisasa, kwa kukeneka tu, haviwezi kuyatoa maji yote ndani ya ethanoli. Ukifika asilimia 95.6 kwa uzito, mvuke unaotoka una kiasi kile kile cha maji kama kilichobaki ndani, na hata ukikeneka mara mia hupati zaidi. Kupita hapo hadi utumie mbinu nyingine ya kuyanyonya maji. Ndiyo sababu chupa za spiriti za maabara aghalabu huandikwa asilimia 95 au 96, si 100.

Lazima niwatendee haki wapishi wa chang'aa kwa jambo moja. Kuchachusha sukari au nafaka kwenyewe hutoa methanoli kidogo sana, isiyoweza kuua kijiji. Busaa na chang'aa vina madhara yake mengi, na pipa lililowahi kubeba mafuta ya gari si chombo cha kupikia, lakini yale maafa ya watu wengi kufa kwa usiku mmoja hayatokani na kangara. Hutokana na mtu aliyeongeza methanoli ya kiwandani kwa makusudi, kwa kuwa ni ya bei nafuu na hufanya kinywaji kilichotiwa maji kiwe kikali tena. Novemba mwaka 2000, katika vijiji vya Mukuru karibu na Eneo la Viwanda hapa Nairobi, pombe ya aina hiyo iliyojulikana kwa jina la kumi kumi, kwa bei yake ya shilingi kumi, iliua watu zaidi ya 100 na kuwaacha wengine vipofu. Mwaka 2005 watu karibu 50 walikufa huko Machakos. Mei 2014 wengine zaidi ya 80 waliangamia katika kaunti kadhaa zikiwemo Embu na Kiambu. Februari 2024 ilikuwa zamu ya Kirinyaga, watu 17. Tangu mwaka 2010 sheria ya kudhibiti vileo iliondoa ile marufuku ya chang'aa ya mwaka 1980 na kuweka masharti ya viwango na leseni. Sheria ni njema, lakini molekuli hazisomi sheria, na anayeuza kwa kipimo gizani hana lebo ya kukaguliwa. Wala usidhani chupa yenye lebo ni kinga kamili. Baadhi ya vinywaji vilivyoua mwaka 2014 viliuzwa vikiwa vimefungwa vizuri.

Kiasi gani kinatosha kudhuru? Mililita 10 za methanoli tupu, yaani vijiko viwili vya chai, zimewahi kupofusha mtu. Mililita 30 zimewahi kuua. Chukua glasi ya mililita 250 ambamo sehemu moja tu katika kumi ni methanoli. Humo mna mililita 25. Kuongeza maji, maziwa au soda hakupunguzi chochote, kwa sababu mililita 25 zimebaki 25. Umeongeza tu safari ya kuzinywa. Makaa nayo, ambayo wengine huyatumia kama chujio, huikamata methanoli kidogo mno. Imeshikwa na maji, nayo hupita pamoja nayo.

Ajabu ni kwamba methanoli yenyewe, ikikaa mwilini bila kuguswa, si kali sana. Hulevya kama ndugu yake, tena kidogo zaidi. Taabu huanza ini linapojaribu kuisafisha. Ini lina kimeng'enya kinachong'oa haidrojeni kutoka kwa jamii hii ya pombe. Kikiishughulikia ethanoli, matokeo yake hatimaye ni kitu cha jamii ya siki, ambacho mwili unaweza kukichoma kama chakula. Kikiishughulikia methanoli hutokea kwanza formalini, ndiyo ile ile ya kuhifadhia maiti, kisha asidi ya fomiki. Jina la asidi hii linatokana na neno la Kilatini la sisimizi, kwani katika karne ya 17 Mwingereza John Ray aliipata kwa kuwakeneka sisimizi wengi. Kwa hivyo ule uvumi wa mitaani kwamba wauzaji hutia maji ya mochari ndani ya pombe, hata pale usipokuwa kweli, una kivuli cha ukweli: ini la mnywaji hulitengeneza jambo hilo lenyewe.

Asidi ya fomiki huziba mahali seli zinapotumia oksijeni. Mtu huvuta hewa, damu hubeba oksijeni, lakini seli haziwezi kuitumia. Mshipa wa fahamu wa jicho, unaohitaji nguvu nyingi saa zote, ndio huanza kuathirika. Damu hugeuka kuwa na asidi, na mgonjwa hupumua kwa kasi na kwa kina kana kwamba amekimbia kutoka Huruma hadi Pangani.

Jambo la kuzingatia zaidi ni muda. Dalili huchukua saa 12 hadi 24 kuanza. Na mtu akiwa amekunywa methanoli pamoja na ethanoli, kama ilivyo katika chang'aa iliyochafuliwa, muda huo hurefuka zaidi, kwa sababu kile kimeng'enya huipendelea ethanoli na kuiacha methanoli ikingoja kwenye foleni. Ndiyo sababu yule fundi wetu alikuwa na Jumapili nzima ya maumivu ya kichwa tu. Wakati alipokuwa akijilaumu kwa kunywa kupita kiasi, kazi ya kutengeneza asidi ndiyo kwanza ilikuwa imeanza. Tungempata Jumapili mchana, pengine leo angekuwa anajenga.

Madaktari huitumia foleni hiyo hiyo kutibu. Ipo dawa iitwayo fomepizoli inayokifunga kimeng'enya kisifanye kazi. Isipopatikana, mgonjwa hupewa ethanoli safi kwa kipimo maalumu, akipimwa damu mara kwa mara, ili methanoli iendelee kungoja huku mashine ya kusafisha damu ikiitoa mwilini. Vile vile hupewa dawa ya kupunguza asidi katika damu. Tafadhali usisome sentensi hizi ukaenda kumnywesha jirani yako chupa nyingine ya kutoa sumu. Hujui kilichomo ndani ya chupa hiyo ya pili, na mgonjwa anayetapika na kupoteza fahamu anaweza kusakamwa akafa kabla hajafika popote.

Kabla sijaeleza la kufanya, nigusie mambo mawili ambayo wasomaji huniuliza na ambayo yanatoka katika kemia hii hii.

La kwanza ni ile dawa ya mikono iliyoenea kila duka wakati wa Korona mwaka 2020. Kwa nini isiwe ethanoli tupu, ambayo mtu angedhani ni kali zaidi? Kwa sababu maji yanahitajika. Protini za kijidudu zimekunjwa kama nguo iliyopangwa. Ethanoli ikishirikiana na maji huzikunjua na kuziharibu. Ethanoli tupu hukausha upande wa nje upesi na kutoweka hewani kabla ya kumaliza kazi. Kiwango kinachofaa ni kati ya asilimia 60 na 80 hivi. Shirika la Afya Duniani lilipotoa maelekezo ya kutengeneza lita 10, lilisema uweke mililita 8,333 za ethanoli ya asilimia 96, mililita 417 za haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 na mililita 145 za gliserini, kisha ujaze maji hadi alama ya lita 10. Tazama, halikutaja kiasi cha maji. Aliyeandika alijua kwamba ukijumlisha kwa kalamu na kutia kilichobaki utapungukiwa, kwa sababu ya ule msongamano wa Mendeleev. Na kutokana na haya utaelewa kwamba chang'aa ya asilimia 30 au 40 si dawa ya kuoshea kidonda, wala haiyafanyi maji machafu yaliyotiwa ndani yake kuwa safi. Dawa ya mikono yenyewe nayo si ya kunywa. Baadhi ya zilizouzwa katika nchi mbalimbali zilikutwa na methanoli.

La pili ni kwa nini glasi ile ile humlevya mwanamke upesi kuliko mwanamume. Ethanoli, kwa kuwa inapenda maji kuliko mafuta, hukimbilia penye maji mwilini. Mwili wa mwanamume wa kilo 70 una lita 42 hivi za maji. Wa mwanamke wa kilo 60 una lita 30 hivi, maana wanawake kwa kawaida wana mafuta zaidi kwa uzito wao. Ni kama kutia kijiko kile kile cha chumvi katika sufuria mbili zisizolingana. Na penye maji yote hufika: katika maziwa ya mama na kwa mtoto aliye tumboni pia. Kahawa na maji baridi ya kujimwagia haviiondoi. Ini hufanya kazi yake kwa mwendo wake, gramu 7 hadi 10 kwa saa. Mililita 100 za kinywaji cha asilimia 40 zina gramu 32 hivi, kwa hivyo zitakaa nawe saa tatu hadi karibu saa tano, upende usipende.

Sasa, endapo mtu wa nyumbani kwako amekunywa pombe asiyoijua na siku ya pili anaumwa na tumbo, anatapika, anapumua kwa kasi, au anasema anaona ukungu, moshi au weupe kama wa pamba, usingoje ifike jioni. Usimpe maziwa, usimlazimishe kutapika, usimlaze kwamba itapita. Mpeleke hospitali kubwa yenye maabara na mashine ya kusafisha damu. Kutoka Huruma unaweza kwenda Kenyatta, au Mama Lucy Kibaki ambako wataanza matibabu na kumhamisha ikibidi. Ukifika, usione haya kusema ni chang'aa. Muuguzi hakuulizi ili akupeleke polisi. Akificha akasema ni malaria, saa mbili zitapotea katika kumtafutia malaria.

Mwambie daktari saa aliyokunywa, kiasi alichokunywa na kama alikunywa kinywaji kingine juu yake. Ikiwa kuna mabaki katika chupa au kopo, yafunge vizuri uende nayo, maana maabara inaweza kuhesabu ile kaboni ambayo kiberiti hakikuiona. Kisha, mtu mmoja wa familia arudi mtaani mara moja awatafute wote waliokunywa kutoka mtungi ule ule, hata wale wanaocheza drafti kibarazani na kusema hawajambo. Huenda ethanoli waliyokunywa bado iko mbele kwenye foleni.